Rimu imegoma kuingia kwenye habu? Usiivute na nati

Ukienda kutafuta rimu Ilala au Gerezani, hapa Dar, utaulizwa gari gani, halafu nati ngapi. Ukijibu tano unaletewa za nati tano, mnapatana bei, unapakia kwenye bajaji unaondoka. Tundu la kati halimo kwenye mazungumzo kabisa. Muuzaji haliulizi, mnunuzi haliulizi, na hata fundi pancha anaanza kuliona pale gari lipo juu ya jeki na rimu imekataa. Sasa mimi kwa miaka yote niliyozunguka na magari ya used ya Japani, yangu na ya ndugu, nimeona kwamba rimu zinazogoma nyingi zinagomea hapo katikati, na watu wengi wanapambana na nati.

Tundu la kati ni lile duara kubwa nyuma ya kile kifuniko chenye nembo. Kwenye gari kuna habu, kile chuma ambacho rimu inafungwa juu yake, na katikati ya habu kuna mdomo wa chuma uliochomoza, mviringo. Rimu inatakiwa ivae ule mdomo kwanza, ikae katikati, ndio nati zije kuibana. Kama tundu la rimu ni dogo kuliko mdomo wa habu haiingii, hata kama matundu ya nati yamelingana vizuri kabisa. Na hapa hatuongelei sentimita, ni milimita mbili tu zinatosha kukuharibia siku.

Mfano mzuri ni shemeji yangu na Forester yake, ile ya umbo la zamani, SG. Alikuta rimu za inchi 16 zimetolewa kwenye Toyota Wish, safi, hazina mikwaruzo, bei nzuri, na muuzaji akamhakikishia kwamba Wish na Forester ni "nati moja". Na muuzaji hakudanganya! Wish ni 5x100, yaani nati tano kwenye duara la milimita 100, na Forester za miaka ile nazo ni 5x100. Ila Toyota ndogo na za kati za 5x100, kina Wish, Caldina, Premio, Allion, Prius ile ya 2009, tundu lake la kati ni milimita 54.1. Subaru ni 56.1. Kwahiyo habu ya Subaru ni nene kuliko tundu la Toyota kwa milimita mbili, na chuma hakitanuki kwa kuombwa.

Cha kuchekesha kuna Toyota moja yenye tundu la Subaru. Ile 86 ya mwaka 2012 ni 5x100 na tundu lake ni 56.1, maana ilitengenezwa na Subaru wenyewe kule Gunma, ni pacha wa BRZ. Ndio maana nasema ukiuliza tu "ni ya Toyota?" bado hujauliza kitu.

Basi rimu ikawekwa, stadi zote tano, yaani zile bolti za habu zinazoshika nati, zikatokeza kwenye matundu yake, na rimu ikasimama ikiwa bado na nafasi ya kama kidole hivi nyuma yake. Fundi akaitikisa, akaipiga teke, halafu akasema lile neno ambalo linanitoa jasho kila nikilisikia: "Bosi usijali, tukikaza nati itaingia yenyewe."

Haiingii yenyewe. Yaani inaweza kuonekana imeingia, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukikaza nati tano kwa mashine ya upepo unaivuta ile rimu kwa nguvu kubwa sana, aloi ni laini kuliko chuma cha habu, kwahiyo mdomo wa habu unaanza kujichimbia kwenye ukingo wa tundu, rimu inabanwa upande, mashine inagonga inasema imekaza, nawe spana ikigoma kuzunguka unaamini. Kumbe nati zimekaza dhidi ya ule msuguano wa katikati, hazijabana rimu kwenye uso wa diski ya breki. Ukiendesha, mitetemo na mashimo vinaisogeza rimu kidogo kidogo, inakaa, na ikishakaa nati zimelegea zote kwa pamoja. Mwenye gari anasikia "kok kok" anadhani ni boljointi.

Kanuni ninayoshika mimi ni hii, na nimembishia kila fundi juu yake: rimu iingie kwa mkono mpaka iguse diski pande zote, bila nati hata moja. Nati kazi yake ni kubana kitu ambacho tayari kimekaa, basi.

Sasa ikigoma, kabla hujamlaumu mtu, angalia imegomea wapi, maana pale iliposimama panakwambia tatizo ni nini.

Kama stadi zenyewe hazipiti, mbili zinaingia ya tatu inakwaruza ukingo wa tundu lake, hiyo ni duara la nati, PCD wanaita. Hapa kuna mitego ya kutosha. Watu wanadhani 5x112 na 5x114.3 ni kitu kimoja kwa sababu kwa macho huwezi kuzitofautisha. Rimu ya Mercedes ni 5x112 na tundu lake la kati ni 66.6. Nissan X-Trail ni 5x114.3 na habu yake ni 66.1. Kwahiyo ukiiweka ile rimu ya Benzi kwenye X-Trail katikati inavaa vizuri kabisa, unafurahi, halafu kila stadi iko nje kwa zaidi kidogo ya milimita moja kutoka pale inapotakiwa. Na stadi ni nyembamba kuliko tundu lake, kwahiyo mara nyingine zinapenya, na nati zinashika zikiwa zimekaa kiupande. Zinabana ukingo mmoja wa koni, ule mteremko wa tundu la nati. Hiyo nayo "inaingia".

Kupima PCD ya nati nne au sita ni rahisi, unapima kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lile linalotazamana nalo. Ya nati tano haina tundu linalotazamana, ndio maana watu wanabahatisha. Pima kutoka katikati ya tundu mpaka katikati ya jirani yake, halafu zidisha kwa 1.7. Au kariri hivi: ukipata karibu milimita 59 hiyo ni 5x100, ukipata karibu 66 ni 5x112, karibu 67 ni 5x114.3, na 70 na nusu ni 5x120 ya BMW nyingi za zamani. Umeona 112 na 114.3 zilivyokaribiana, rula ya mtoto wa shule haitoshi hapo, tafuta venia, kile kifaa cha kupimia milimita kwa usahihi. Venia ya plastiki sio bei, na ndio kifaa ambacho ningemshauri mtu anunue kabla ya kununua rimu yoyote.

Tena usidanganyike na jina la kampuni. Nissan Tiida ni 4x114.3, Nissan Note ni 4x100. Zote Nissan, zote nati nne, zimepaki pamoja kila mtaa, na rimu haziingiliani.

Kama stadi zote zimepita lakini rimu imesimama kabla ya kugusa diski, hapo sasa ni tundu la kati, ile ya shemeji. Kwenye gari za nati nne, Vitz na Passo na Demio ni 54.1, Honda Fit ni 56.1, Note ni 60.1, na zote hizo ni 4x100. Kwahiyo rimu ya Vitz kwenye Demio sawa, kwenye Fit haiingii, kwenye Note ndio usahau kabisa. Kwenye 5x114.3 Toyota kina Mark X, Harrier na RAV4 ni 60.1, Honda 64.1, Nissan 66.1, Mazda na Mitsubishi 67.1. Ukiitazama hiyo namba vizuri utaona inakwenda upande mmoja: rimu ya mwenye tundu kubwa inaingia kwa mwenye habu ndogo, kinyume chake hapana.

Wenye magari makubwa nao wasijione wako salama, wao ndio wanapigwa zaidi maana "nati sita" kwao ni kama jina la ukoo. Pajero, Ranger, D-Max, Hilux, Prado zote ni 6x139.7. Tundu la kati la Pajero ni 67.1, Ranger 93.1, D-Max 100.1, Hilux na Prado 106.1. Rimu ya Prado itaingia kwa wote hao, ikiwa imelegea katikati, ila rimu ya Pajero haiingii kwa yeyote kati yao. Halafu kuna Navara ambayo ni nati sita vilevile lakini ni 6x114.3, hiyo hata stadi hazipiti. Na Land Cruiser 70, zile mkonga, zilikuwa nati sita, kuanzia 1999 zikahamia nati tano za 5x150, kwahiyo mtu mwenye mkonga wa zamani na mwenye wa juzi hawaazimani spea wakikwama porini, hata kama gari kwa nje ni ileile.

Aina ya tatu ni rimu inayoingia mpaka mwisho, inagusa diski, ukiizungusha kwa mkono inakwaruza au haizunguki kabisa. Hiyo ni kalipa ya breki, lile dude linaloshika pedi. Inatokea ukishusha saizi, mtu ana gari la inchi 17 anataka inchi 15 ili matairi yawe ya bei ndogo, bila kujua kwamba diski yake na kalipa ni kubwa na inchi 15 haina nafasi ndani. Inatokea pia kwenye saizi ileile, kwa sababu umbo la mikono ya rimu kwa ndani halifanani, na ofseti nayo inaivuta rimu ndani au nje. Ofseti imeandikwa nyuma ya mkono wa rimu, mara nyingi baada ya herufi ET au namba tu peke yake kama 48, Subaru wengi wako kwenye hiyo 48 au 55. Namba ikiwa kubwa rimu inaingia zaidi ndani kuelekea shokapu, ikiwa ndogo inatoka nje kuelekea fenda. Kuna watu wanakimbilia spesa, kile kibati kinachowekwa kati ya rimu na diski, ili kuikwepa kalipa. Spesa nyembamba ya milimita tano inaweza kukusaidia kwenye kalipa ikakuumiza kwenye nati, maana stadi imepungua urefu.

Hapo pana kipimo kizuri hakihitaji kifaa: hesabu nati inazunguka mara ngapi tangu inaposhika mpaka inapobana. Stadi ya unene wa milimita 12 yenye uzi wa 1.5 (yaani nati inasogea milimita 1.5 kila mzunguko), kama ya Toyota, inataka angalau mizunguko minane. Ya uzi wa 1.25 karibu kumi. Ikibana kwenye mzunguko wa nne, toa hiyo rimu usiende nayo popote.

Na aina ya nne ndio inayochanganya watu kuliko zote: rimu ni ileile ya gari, jana ilikuwepo, leo umeitoa ukabadilisha pedi au diski, inarudi inagoma. Tundu halijapungua usiku. Kitu kimeongezeka au kimesogea.

Mara nyingi ni kutu. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, tunakaa na upepo wa chumvi, na magari yenyewe mengine yametoka maeneo ya Japani ambako barabara zinamwagwa chumvi wakati wa barafu, unakuta yamefika bandarini tayari chini yana rangi ya kahawia. Aloi ikikaa juu ya chuma penye unyevu na chumvi inaota unga mweupe, chuma nacho kinaota magamba, na vyote viwili vinakutana kwenye ule mdomo wa habu ambao nafasi yake ni ndogo sana. Ndio maana kuna rimu zinagoma kutoka, mpaka mtu analala chini anazipiga mateke kwa ndani. (Usifanye hivyo gari likiwa kwenye jeki peke yake. Rudisha nati mbili tatu zikiwa zimelegea, shusha gari, lisogeze mbele nyuma polepole, uzito wenyewe utaivunja ile kutu.) Ikishatoka chukua brashi ya waya usugue mdomo wa habu mpaka chuma king'ae, sugua na ndani ya tundu la rimu, na uso wa diski pale rimu inapokaa. Halafu paka grisi kidogo sana kwenye mdomo wa habu tu, filamu ya kuonekana kwa shida. Usipake kwenye stadi wala kwenye uso wa diski.

Ikiwa umebadilisha diski, kutu inaweza kuwa nyuma ya diski yenyewe, kati yake na habu. Diski inakaa imeinama kidogo, rimu nayo inainama, na hata ukifanikiwa kuifunga utasikia pedali ya breki inapiga mguu. Toa diski tena, sugua habu. Kuna na ile skrubu ndogo inayoshika diski kwenye baadhi ya magari, isipozama mpaka mwisho kichwa chake kinakuwa cha kwanza kugusana na rimu. Na kuna vile vipete vyembamba vya bati ambavyo kiwanda huvivisha kwenye stadi moja mbili ili diski au dramu isidondoke wakati gari linaunganishwa, rimu za kiwandani zina nafasi ya kuvimeza, rimu nyingine hazina, kwahiyo toa tu, havina kazi tena.

Stadi mpya nayo. Ikikatika moja fundi anagonga mpya kwa nyundo kutoka nyuma ya habu, ikiwa haijafika mwisho bega lake linachomoza kwa mbele, na rimu inakalia hilo bega. Angalia stadi zote kwa ubavu, kama moja ni ndefu au fupi kuliko wenzake umempata mchawi.

Na pete! Gari lililokuwa na spoti rimu za dukani mara nyingi lina pete ya plastiki kwenye habu. Rimu za dukani wanazitoboa tundu kubwa, 73.1 ni ya kawaida sana, ili ziingie kwenye magari mengi, halafu nafasi inayobaki inajazwa na pete. Sasa ukitoa hizo rimu ukarudisha za kiwandani, pete ikabaki imeng'ang'ania habu, imejaa vumbi jeusi inafanana na chuma, utahangaika mchana kutwa. Pitisha kucha pale kwenye mdomo utaihisi.

Kama bado hujui imegusa wapi, paka chaki kwenye mdomo wa habu, kwenye uso wa diski na kwenye kalipa, weka rimu, isukume, ichomoe. Chaki iliyofutika ndio jibu lako.

Turudi kwa shemeji. Fundi aliposhindwa na nati akaleta wazo la grinda, akasema milimita mbili ni dakika tano. Hapo ilibidi niongee kwa sauti. "Fundi, nakuheshimu kaka yangu, ila hiyo hapana." Ukiingiza grinda kwa mkono kwenye tundu la kati hutoki na duara, unatoka na kitu kama yai, upande mmoja umekula milimita moja, mwingine mbili na nusu, na rimu sasa haina katikati. Itaingia ndio. Na kuanzia spidi 80 usukani utatetemeka, utapeleka kwenye balansi, watakwambia iko sawa, kwa sababu mashine yao inashika rimu kwa koni yake yenyewe wala haijui habu yako.

Njia yenyewe ni kwa mchonga vyuma, wale wenye lezi mashine. Rimu inafungwa, wanaicheki kwa geji izunguke bila kuyumba, kisu kinakula milimita moja kila upande mpaka 54.1 inakuwa 56.2 hivi. Milimita moja kwenye aloi ya kawaida haipunguzi nguvu yoyote ya maana, chuma cha kati pale ni kinene. Shemeji alinuna kwa sababu gharama iliongezeka na tairi ilibidi zitolewe kwenye rimu, ila rimu zilirudi zikaingia kwa mkono, na zinanata kidogo wakati wa kutoka, ambavyo ndivyo inavyotakiwa.

Tukadhani tumemaliza. Shemeji akatoa mfuko wa nati alizopewa pamoja na rimu, nati nzuri zinang'aa. Ya kwanza ikazunguka mara mbili ikakaza. Fundi kashika mashine ya upepo tayari. Nikamwambia subiri, toa hiyo, weka ya Subaru yenyewe, na ile kuukuu ikateleza mpaka mwisho kwa vidole. Toyota, Honda, Mazda, Mitsubishi uzi wa nati zao ni 12 kwa 1.5. Subaru, Nissan na Suzuki ni 12 kwa 1.25. Kwa macho hutofautishi na zinashika mwanzoni, halafu mashine ya upepo ikizilazimisha zinakula uzi wa stadi, na stadi za Subaru za nyuma kubadilisha ni kazi ya kutoa breki. Kwahiyo nati za bure zinazokuja na rimu ziogope.

Kisha kiti cha nati, yaani pale nati inapokalia kwenye rimu. Chungulia tundu la nati kwenye rimu: likiwa na mteremko wa koni linataka nati ya koni, likiwa bapa linataka nati yenye washa na shingo, rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota ziko hivyo. Honda za kiwandani na Volkswagen zina kiti cha mviringo kama bakuli. Mwenye Subaru anayependa rimu za Golf 4 aangalie hapa, kwa sababu Golf 4 ni 5x100 na tundu ni 57.1, zinaingia kwenye habu ya Subaru bila kuchonga kitu na kila mtu anashangilia, kumbe nati za koni za Subaru kwenye bakuli la Golf zinagusa mstari mwembamba tu. Za shemeji zilikuwa koni, tukafunga na nati zake za zamani.

Kukaza tulikaza kwa mkono. Weka stadi moja juu kabisa, inua rimu kwa mguu chini ya tairi ivae, shika nati ya juu kwanza, halafu nyingine kwa vidole, kisha spana kwa kurukaruka nyota bila kufuata mzunguko, shusha gari mpaka tairi iguse chini, maliza. Toyota ndogo nyingi zinataka nguvu ya kukaza ya Nm 103, na Subaru haziko mbali na hapo. Kwa spana ya nusu mita hiyo ni kama kilo 21 za mkono wako mwishoni mwa mpini. Sasa fikiria fundi wa kilo 75 anayechomeka bomba la mita moja na kupanda juu yake. Stadi inavutika, huoni kitu, inakatika safari nyingine. Ukitembea kilomita 50 mpaka 100 simama uzipitie tena, hasa kama habu ilisuguliwa au rimu ni mpya.

Spea usiisahau, ijaribu nyumbani kwenye gurudumu la mbele na la nyuma, maana mbele kalipa ni kubwa na ile spea nyembamba inaweza kukataa upande mmoja. Na kama umenunua nati maalum za spoti rimu, hakikisha zinafaa kwenye rimu ya chuma ya spea, la sivyo weka za zamani kwenye buti.

Rimu za zamani za Forester ziko stoo, shemeji anataka kuziuza na tayari kuna kijana mwenye Caldina anazitaka. Zitaingia, ila zitakuwa na uwazi wa milimita moja kuzunguka habu, kwahiyo atafute pete ya 56.1 kwa 54.1, nyembamba sana lakini zipo. Nimemwambia shemeji aandike kabisa kwenye tangazo: 5x100, tundu la kati 56.1, ET48, kiti cha koni, nati haziuzwi pamoja na rimu.